Piano Haipigi Kura

Kazi yangu ni kubeba piano.
Hapa Gyumri, mji wa mawe meusi,
walimu wa muziki hawaishi, na wote hukaa ghorofani.
Kabla sijataja bei nahesabu vidato.
Ngazi ya shule ya mtaani kwetu ina ishirini na viwili,
na kona moja mbaya.

Jumapili ya uchaguzi, theluji imegeuka tope,
nilimkuta Arpenik chini ya ngazi hiyo,
kiti chake kimeelekea juu, breki imefungwa,
kitambulisho mapajani.
Sanduku la kura lilikuwa ghorofani.
Penye tundu la lifti walitundika mafagio.

Namjua tangu utoto. Tulisoma darasa moja
katika shule iliyosimama hapahapa
mpaka ile asubuhi ya Desemba ardhi ilipojikung'uta
kama mbwa aliyelowa.
Mimi nilikuwa nje, nimefukuzwa kwa utundu.
Yeye alikuwa dawati la mbele, akijibu swali.

Wakajenga upya. Wakakumbuka bendera,
wakakumbuka kengele,
wakakumbuka bamba la majina ya waliokufa.
Waliobaki hai hawakupigiwa hesabu.

Nikawaita Hrach na Sedrak na shemeji yangu.
"Dada," nikasema, "mikono minane, dakika moja.
Huna hata nusu ya uzito wa piano."
Akanitazama.
"Piano haipigi kura, Vahagn."

Nikakasirika, sifichi.
Fadhila za punda, nikanong'ona, akasikia.
"Uchaguzi uliopita mlinibeba," akasema.
"Mkono wa nani sijui ukanishika pasipo pa kushikwa,
sketi ikapanda, watu wakatazama ukutani kwa adabu.
Nilipofika juu nilikuwa nimesahau ninamchagua nani.
Safari hii sibebwi.
Mbeleko niliiacha zamani."

Watu wakajazana. Wengine wakampita ubavuni,
samahani, samahani,
viatu vikiacha tope kwenye kila kidato.
Nikoghos asiyeona akauliza kuna nini,
akaambiwa, akaikunja fimbo yake, akabaki.
Akabaki na bibi mmoja mwenye magoti mabovu
ambaye siku zote hudai siasa hazimhusu.

Siranush, msimamizi, akachungulia kutoka juu:
sanduku haliruhusiwi kutoka kituoni!
Arpenik akachomoa kijitabu kilichochakaa,
akasoma taratibu, kama siku ile darasani:
kituo ni jengo.
Jengo. Haikuandikwa ghorofa.

Kimya. Simu ikapigwa mahali, ikapigwa tena.
Kisha akanigeukia mimi:
"Una nguvu, Vahagn? Zipeleke panapotakiwa."

Tukapanda. Tukashusha meza, mapazia, kibanda,
daftari, mihuri,
mawakala wamenuna, kila mmoja na kiti chake,
na mwisho sanduku lenyewe, Siranush amegandamiza kifuniko
kama sufuria inayotaka kufurika.
Kwenye ile kona mbaya macho yakanilowa.
Vumbi, nikamwambia Hrach.

Arpenik akaingia kibandani, akavuta pazia.
Alimchagua nani? Pazia ndilo linalojua.
Akatoka. Nikangoja asante.
Nimezoea asante, na chai, na nyongeza kidogo.
Akasema, "Kesho naandika barua ya nne kuhusu lifti.
Utatia sahihi?"

Nilitia. Mafagio yangali palepale.
Ila siku hizi nikihesabu vidato,
benki, zahanati, posta,
mdomo unakataa kutaja bei.
Ishirini na viwili.
Na anayelipa
amekaa chini, breki imefungwa,
anasoma.